Kipimo cha EDTA ni chanya na meropenemu haifanyi kazi: je, hii ni NDM?

Mwanamaabara wa Magharibi aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Ninafanya kazi katika maabara ya hospitali moja huku magharibi mwa Kenya, na ninaomba msaada wa waliobobea katika vinasaba vya bakteria, kwa sababu majibu niliyoyapeleka wodini yamezua hofu ambayo sina uhakika kama inastahili.

Tulipokea chupa ya damu ya mtoto njiti ambaye amekuwa wodini tangu kuzaliwa. Alianzishiwa penisilini na jentamisini kama ilivyo desturi, homa haikushuka, akabadilishiwa seftazidimu na amikasini, na hatimaye akawekwa kwenye meropenemu. Mashine ilipoonyesha kwamba kuna kitu kinaota, niliotesha damu hiyo kwenye vyakula viwili vya kuoteshea bakteria, agari ya damu na agari ya MacConkey. Kesho yake agari ya damu ilikuwa na makoloni laini yanayong'aa, yenye umanjano hafifu ambao huonekana vizuri zaidi ukiyakusanya kwa kitanzi, ilhali MacConkey ilikuwa tupu kabisa. Chini ya darubini niliona vijiti vyembamba vya Gramu hasi. Katika vipimo vya utambuzi, oksidesi ilikuwa chanya, indoli nayo chanya, na mashine ya utambuzi ikaandika Elizabethkingia meningoseptica.

Kwenye sahani ya diski, yaani vipande vya karatasi vyenye dawa, bakteria hao waliota hadi ukingoni mwa diski ya meropenemu, ya seftazidimu, ya jentamisini na ya kolistini. Kilichonishangaza ni kwamba diski ya vankomisini iliacha duara lisiloota bakteria, na sisi sote tulifundishwa kwamba vankomisini haiwagusi bakteria wa Gramu hasi. Nikaweka diski mbili za meropenemu kando kwa kando, moja kavu na nyingine iliyodondoshewa EDTA, kemikali inayonyakua madini kama zinki. Ile kavu haikufungua chochote, na ile yenye EDTA ikafungua duara pana.

Niliandika kwenye fomu kwamba metalo-beta-laktamesi, yaani kimeng'enya chenye zinki kinachovunja dawa kama meropenemu, ni chanya. Wodini neno hilo lilisomwa kuwa NDM, aina mojawapo ya vimeng'enya hivyo ambayo jeni yake huhama kati ya bakteria. Sasa wasimamizi wanauliza ni mgonjwa gani wa rufaa aliyetuletea jeni hiyo, na wauguzi wanaogopa kwamba itahamia kwa Klebsiella waliomo wodini. Ningependa kuelewa bakteria huyu alipata wapi usugu wa dawa ambayo mtoto alipewa siku za mwisho tu, na kama kweli tunakabiliana na NDM.

---

Mwalimu wa Mikrobiolojia, Kisumu alijibu:

Ndugu Mwanamaabara, kipimo chako kimesema kweli, ila wodini wamekisoma zaidi ya kilivyosema. Kwa maelezo uliyotoa, sioni sababu ya kuitafuta NDM kwanza.

Kipimo cha EDTA hakitaji jina la kimeng'enya. Kinachoonyesha ni kwamba kimeng'enya kinachovunja meropenemu kinategemea zinki. Metalo-beta-laktamesi zote hushikilia chembe za zinki mahali pale pale panapovunjiwa pete ya beta-laktamu, ambayo ndiyo kiini cha dawa za jamii ya penisilini na meropenemu. EDTA huzinyakua zinki hizo, kimeng'enya hukosa nguvu, na dawa hupata nafasi ya kuua. NDM itakupa jibu hilo, na VIM na IMP, zilizo vimeng'enya vya aina hiyo hiyo, pia zitakupa jibu hilo hilo. Lakini Elizabethkingia ana metalo-beta-laktamesi zake mbili, BlaB na GOB, na jeni za zote mbili zimo ndani ya kromosomu yake, yaani DNA yake kuu. Kuwa na mbili za namna hiyo kwenye kromosomu moja ni jambo la nadra mno miongoni mwa bakteria. Zaidi ya hizo ana kimeng'enya cha tatu, CME, cha kundi A, ambacho huvunja sefalosporini, kundi la seftazidimu. Ndiyo maana seftazidimu ilishindwa kabla hata meropenemu haijaletwa.

Kwa hiyo swali la nani amemletea jeni hiyo halina jibu, kwa sababu hakuletewa. Alizaliwa nayo, kama walivyozaliwa nayo wenzake wote wa jenasi hiyo. Elizabeth King, mtaalamu wa bakteria wa Marekani, alimweleza bakteria huyu mwaka 1959 kutokana na sampuli za watoto wachanga waliougua homa ya uti wa mgongo, na akamwita Flavobacterium meningosepticum. Mwaka 1994 alihamishiwa Chryseobacterium, na mwaka 2005 jenasi mpya ikaundwa na kupewa jina la King mwenyewe. Katika safari hiyo yote, wahusika waliendelea kuripoti jambo moja: dawa za jamii ya beta-laktamu hazimtoshi.

Mtu anaweza kuuliza inawezekanaje bakteria awe na silaha dhidi ya dawa ambayo wanadamu wameianza juzi. Tukumbuke kwamba karbapenemu, yaani kundi la meropenemu, hazikubuniwa na mwanadamu kutoka hewani. Thienamisini, ambayo ndiyo mama wa kundi hilo, ilitangazwa mwaka 1976 baada ya kupatikana katika Streptomyces cattleya, bakteria wa udongoni. Elizabethkingia na jamaa zake ni wakazi wa udongo na maji, na huko wameishi na majirani wanaotengeneza sumu za namna hiyo kwa muda mrefu kupita historia yote ya udaktari. Hata kwa penisilini mambo yalikuwa hivyo hivyo: Abraham na Chain waliripoti kimeng'enya kinachoiharibu mwaka 1940, kabla dawa hiyo haijaanza kutumika kwa wingi hospitalini.

NDM ni habari tofauti kabisa. Jeni yake hubebwa mara nyingi na plasmidi, yaani kipande cha DNA kinachojitegemea na ambacho bakteria mmoja humpitishia mwenzake, hata wa spishi nyingine. Hapa Kenya iliripotiwa mwaka 2011 katika Klebsiella pneumoniae kutoka Nairobi, na hofu ya wauguzi wako ingekuwa na msingi kamili kama ungeniambia umeipata kwa Klebsiella. Kwa Elizabethkingia, jeni za BlaB na GOB zimetulia kwenye kromosomu. Anayehama kutoka kitanda hadi kitanda ni bakteria mwenyewe, na huyo ndiye wa kuwekewa mipaka.

Kama wasimamizi wanataka uthibitisho, na mnayo GeneXpert, ile ile ambayo wengi wetu tunaijua kwa makohozi ya kifua kikuu, ipo katriji yake inayotafuta jeni tano za karbapenemesi, yaani vimeng'enya vinavyovunja karbapenemu: KPC, NDM, VIM, IMP-1 na OXA-48. Katriji hiyo haitafuti BlaB wala GOB. Ikitoka hasi huku EDTA ikiwa chanya, picha itakuwa imekamilika. Nakuomba pia uweke diski yenye EDTA peke yake, bila dawa, kwa sababu EDTA yenyewe huweza kuwadhuru baadhi ya bakteria na kufungua duara la uongo.

Fomu yako ingesomeka vizuri zaidi hivi: "Elizabethkingia, usugu wa asili kwa karbapenemu, matokeo haya hayamaanishi NDM." Sentensi hiyo moja ingeokoa wodi nzima wasiwasi.

---

Daktari wa Watoto, Nakuru alijibu:

Ninakubaliana na Mwalimu, na ninaongeza upande wa kitandani, kwa sababu mtoto bado anasubiri dawa.

Kwanza, damu irudiwe kuchukuliwa, na kama hali ya mtoto inaruhusu, maji ya uti wa mgongo yachukuliwe bila kuchelewa. Bakteria huyu anapenda utando wa ubongo wa watoto wachanga, hasa njiti, na wengi wa wanaopona hubaki na matatizo, likiwemo lile la kichwa kujaa maji. Mtoto ambaye damu yake imetoa Elizabethkingia asihesabiwe kuwa hana homa ya uti wa mgongo mpaka maji hayo yaseme hivyo.

Pili, meropenemu isimame. Ninasisitiza hili kwa uchungu, kwa sababu tumezoea kuiona kama ngazi ya juu kabisa: penisilini ikishindwa tunapanda, seftazidimu ikishindwa tunapanda, tukifika kwenye meropenemu tunaamini hakuna kilichobaki. Kwa bakteria huyu ngazi hiyo imeegemezwa ukuta usio wake. Meropenemu huwaondoa washindani wake mwilini na kumwachia nafasi yote. Kolistini, ambayo baadhi yetu huikimbilia baada ya hapo, nayo haimwezi.

Dawa ambazo mara nyingi hubaki na nguvu ni za makundi tusiyoyafikiria kwanza kwa mtoto mchanga: siprofloksasini au levofloksasini, rifampisini ambayo kwetu tunaijua zaidi kama dawa ya kifua kikuu, minosaiklini kwa watu wazima, na kwa baadhi ya sampuli piperasilini pamoja na tazobaktamu. Sitaandika vipimo vya dozi hapa jukwaani. Uamuzi ufanywe na daktari anayemwona mtoto, baada ya maabara kupima kiwango cha chini cha dawa kinachozuia bakteria kuota, kwa sababu upana wa duara la diski hauaminiki kwa bakteria huyu.

Hapo ndipo inapoingia vankomisini. Zipo ripoti za zamani za watoto waliotibiwa kwayo wakapona, na duara alilolipata Mwanamaabara ni jambo linalojulikana, hata hutumika kama dokezo la utambuzi. Hata hivyo, kiwango kinachohitajika kumzuia mara nyingi huwa juu ya kile tunachokikubali kwa Staphylococcus, na vankomisini hupenya kwa shida kwenye maji ya uti wa mgongo. Mimi nisingeitegemea peke yake.

---

Mwanamaabara wa Magharibi aliandika:

Asanteni sana, Mwalimu na Daktari. Nimeongea na daktari wa zamu na meropenemu imesimamishwa. Maji ya uti wa mgongo yamechukuliwa na nimeyapanda asubuhi hii.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Mwenzangu mmoja amesoma kwamba yuko Elizabethkingia aliyetolewa tumboni mwa mbu, na huku kwetu, penye malaria mwaka mzima, habari hiyo imeshaanza kuzunguka wodini. Je, mbu wanahusika? La pili, Daktari ametaja siprofloksasini: kama usugu wa huyu bakteria ni wa kuzaliwa, je, tunaweza kuamini kwamba dawa inayofanya kazi leo itaendelea kufanya kazi?

---

Mwalimu wa Mikrobiolojia, Kisumu alijibu:

Mwenzako amesoma sawasawa. Elizabethkingia anophelis alielezwa mwaka 2011 baada ya kutolewa katika utumbo wa mbu Anopheles gambiae kutoka Gambia, na ndipo jina lake lilipotoka. Lakini kumpata ndani ya mbu hakumaanishi kwamba mbu humwingiza kwa mtu. Mbu hukulia majini, na bakteria huyu pia hukaa majini; kukutana kwao hakustaajabishi. Uchunguzi wa Hong Kong kuhusu watoto wachanga ulielekeza kwenye maambukizi kutoka kwa mama hadi kwa mtoto, na mlipuko mwingi wa hospitalini umefuatiliwa hadi kwenye maji na vifaa. Chandarua kiendelee kutumika kwa ajili ya malaria, ambayo ni sababu ya kutosha kabisa, lakini msitafute chanzo cha ugonjwa huu kwenye mbu kabla ya kuangalia sinki.

Jina hilo lina umuhimu mwingine. Mashine nyingi za zamani hazina anophelis katika hifadhi yake ya majina, na humwandika meningoseptica. Ilipotumika njia ya kusoma jenomu, yaani DNA yote ya bakteria, ilionekana kwamba visa vingi vilivyohesabiwa kuwa vya meningoseptica vilikuwa vya anophelis. Kisa cha mtoto wa Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 2011, kilikuwa cha anophelis. Sitashangaa kama sampuli yako nayo ni hivyo.

Sasa kuhusu siprofloksasini. Hapa usugu ni wa kupatikana, na hupatikana kwa urahisi wa kutisha. Dawa hiyo hushika kimeng'enya kinachosokota DNA, na sehemu ya kimeng'enya hicho hutengenezwa na jeni iitwayo gyrA. Badiliko la herufi moja tu katika jeni hiyo, linaloondoa serini katika nafasi ya 83 na kuweka asidi amino nyingine kama isolusini, hutosha kuifanya dawa ikose pa kushika. Hakuna plasmidi inayohitajika, wala jeni kutoka nje. Katika bakteria mamilioni waliomo katika mgonjwa mmoja, mmoja mwenye badiliko hilo anaweza kuwepo tayari, na dawa itamchagua. Kwa hiyo kama matibabu yatachukua muda mrefu, oteshaji urudiwe na kipimo kirudiwe, hata kama cha kwanza kilikuwa kizuri.

Kuna mfano unaostahili kukumbukwa. Kati ya mwisho wa 2015 na katikati ya 2016, jimbo la Wisconsin nchini Marekani lilipata mlipuko wa E. anophelis uliogusa zaidi ya watu 60, wengi wao wazee wenye magonjwa mengine, na chanzo chake hakikupatikana. Jenomu za bakteria hao ziliposomwa, iligundulika kwamba kipande cha DNA kinachohamahama kilikuwa kimejipachika katikati ya jeni iitwayo mutY na kuivunja. Kazi ya mutY ni kurekebisha makosa yanayotokea pale herufi ya guanini inapoharibiwa na oksijeni na kuandikwa vibaya wakati wa kunakili DNA. Bila jeni hiyo makosa hayarekebishwi, na ukoo huo wa bakteria ulikuwa ukibadilika kwa kasi kuliko kawaida. Bakteria wa namna hii, mwenye usugu wa kuzaliwa na aliyepoteza pia mrekebishaji wake, anaweza kuifikia gyrA iliyobadilika mapema zaidi.

Hofu ya wodi yako ilielekezwa kwenye plasmidi. Mimi ningeielekeza hapa.

---

Mfamasia, Nakuru alijibu:

Samahani kwa kuingilia, lakini jambo hili tumelikuta pia kwa Stenotrophomonas maltophilia, na nadhani litamsaidia mwenye swali siku atakapokutana naye. Huyu naye ana vimeng'enya vyake vya kuzaliwa, L1 na L2. L1 ni metalo-beta-laktamesi na humfanya ashinde karbapenemu, kwa hiyo naye atatoa EDTA chanya na mtu ataandika NDM bila sababu.

Kwake, dawa iliyotegemewa kwa miaka mingi ni septrini. Usugu wa septrini, tofauti na ule wa karbapenemu, ni wa kupokea: jeni sul1 hufika ikiwa ndani ya intigroni za daraja la kwanza, vipande vya DNA vinavyokusanya jeni za usugu, na sul2 ikiandamana na vipande vinavyohamahama. Eneo la Ziwa Viktoria lina watu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na kwa miaka mingi septrini ilikuwa kinga yao ya kila siku, kinga iliyookoa maisha mengi na ambayo sitaisema vibaya. Ila inatupasa tupime, tusidhani. Mgonjwa aliyetumia septrini kwa miaka asipewe septrini dhidi ya Stenotrophomonas bila kipimo cha maabara mkononi.

---

Sista wa Wodi ya Watoto Wachanga, Kakamega alijibu:

Mimi ninasema kama mtu anayenawa kwenye sinki hizo kila zamu. Mwalimu amegusa penyewe. Nilisoma habari za hospitali moja ya Singapore iliyopata mlipuko wa bakteria huyu huyu katika vyumba vya wagonjwa mahututi. Chanzo kilikuwa mifereji ya sinki za kunawia mikono, na sinki zile zile zilikuwa zikitumika kumwagia majimaji ya wagonjwa na kusuuzia vifaa vyao. Nilipoisoma nilisimama nikaangalia wodi niliyofanyia kazi zamani: sinki moja, karibu na kitanda cha joto, na ndani yake tunasuuza mabomba ya kunyonya kamasi, tunamwaga mabaki ya maziwa, kisha tunanawa mikono na kwenda kumshika mtoto njiti. Hakuna aliyefanya hivyo kwa uzembe. Sinki ilikuwa moja.

Tulipolalamika tuliambiwa maji yamepimwa na yako salama. Ningependa kujua maabara inasemaje kuhusu cheti hicho.

---

Mwalimu wa Mikrobiolojia, Kisumu alijibu:

Sista, cheti hicho kinaweza kuwa cha kweli na bado kisikusaidie. Kipimo cha kawaida cha maji hutafuta bakteria wa kinyesi, yaani koliformu na E. coli. Elizabethkingia si mmoja wao. Anaweza kuwemo kwenye mfereji ambao umepewa cheti safi, na huvumilia klorini kiasi cha kuishi ndani ya maji yaliyotibiwa.

Mwanamaabara, ukienda kuchukua sampuli, anza na mifereji kabla haijafunguliwa asubuhi. Ingiza pamba ndani ya mdomo wa mfereji na uzungushe, kwa sababu bakteria hawa hukaa katika utando mtelezi uliogandamana ndani, si katika maji yanayotiririka tu. Chukua nyingine kutoka shimo la sinki. Maji yenyewe yachukuliwe katika chupa yenye thiosalfeti ili klorini isiendelee kuua kabla hujafika maabarani. Pima pia chombo cha maji cha mashine ya oksijeni, vifaa vya kunyonyea kamasi vilivyosuuzwa na kuachwa vikauke, na chupa ya dawa ya kuua vijidudu ambayo huongezwa juu ya mabaki ya jana. Uoteshe kwenye agari ya damu. Ukitumia MacConkey peke yake utaandika kwamba hakuna kilichoota, na utakuwa umesema kweli kuhusu MacConkey tu.

Sista, wakati majibu yanasubiriwa, sinki ya kunawia isimwagiwe kitu chochote, na vifaa vya watoto visuuzwe kwa maji yaliyochemshwa, kwenye beseni lililo mbali na vitanda. Hilo halihitaji bajeti.

---

Mwanamaabara wa Magharibi aliandika:

Nimeweka diski ya EDTA peke yake na haikufungua duara. Katriji ya GeneXpert imetoka hasi kwa jeni zote tano, na fomu mpya imeshafika wodini ikiwa na maneno ya Mwalimu. Maji ya uti wa mgongo bado hayajaota kitu, lakini nitayaacha zaidi kabla ya kuyatolea jibu. Pamba za sinki nitazichukua kesho kabla ya zamu ya asubuhi.

Bakteria wa mtoto nimemhifadhi kwenye gliserini ndani ya friza, katika mirija miwili. Nikipata wa manjano kutoka kwenye mfereji nitamhifadhi vivyo hivyo, ili wote wawili wapelekwe pamoja kwenye maabara ya rufaa wasomwe jenomu na kulinganishwa. Naomba anayejua utaratibu wa kusafirisha vimelea hai kutoka kaunti hadi maabara ya rufaa aniandikie hapa.